Lita Ishirini za Hewa

Nilizaliwa mtaa wa Kianda, nikasomea shule ya bweni upande wa Kakamega, na ninaandika haya nikiwa na umri wa miaka kumi na minane na miezi tisa, bila kulazimishwa na mtu yeyote. Nasema hivyo mapema kwa sababu ukifika mwisho utadhani nimelazimishwa.

Katika shule ile nilikuwa na heshima moja tu. Sikuwa kiranja, sikuwa mwanariadha, na nafasi yangu darasani ilikuwa ile ambayo mzazi huisoma kimoyomoyo. Heshima yangu ilikuwa kuwatuma mamono. Mono ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyefika jana, sanduku lake bado linanuka duka. Unamwita kwa upole, unamwekea mkono begani, unamtuma. Nimewatuma mamono kwa mpishi wakaombe mita mbili za mvuke. Nimewatuma kwa mwalimu wa zamu wakachukue ufunguo wa uwanja. Kazi yangu bora kabisa, ambayo nasikia bado inatajwa bwenini, ni ya mono niliyempa mtungi mtupu nikamwambia azunguke shule nzima amtafute anayegawa hewa, arudi na lita ishirini. Alirudi jioni, mtungi umefungwa kifuniko kwa nguvu, akaniambia kwa heshima kwamba umejaa.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba nilipofika chuo kikuu na kuketi katika kozi ya Mbinu za Utafiti, niliitambua harufu ya kutumwa mara moja.

"Hii kozi ni gemu," alisema Dokta Nalianya siku ya kwanza. Alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na alilitamka neno gemu jinsi mchungaji anavyotamka agano. "Hakuna mtihani. Kila mtu anaanza na sifuri. Kuna ngazi saba. Mtacheza wawili wawili, na kila jozi ina roho tatu. Mkidanganya, roho moja inatoka. Mkimsumbua mtu asiyehusika, roho inatoka. Mkitunga kazi ya uongo, roho inatoka. Zikiisha mmekufa, mtanirudia mwaka ujao. Mnapanda wawili, mnaanguka wawili."

"Na tukifika ngazi ya saba, Dokta?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Mmepita."

"Basi?"

"Basi."

Tulikuwa arobaini. Mimi nilipangwa na Trizah Khamala, msichana wa mtaa wa Congo, Kawangware, ambaye alikuwa ameanguka katika kozi hii mwaka uliopita mama yake alipokuwa mgonjwa. Chuo kinaruhusu kurudia mara moja tu. Alinieleza hayo kwenye ngazi za jengo, kabla hata hatujasalimiana vizuri.

"Mimi sina mwaka ujao," alisema. "Nikianguka tena wananitoa chuo. Umeskia?"

"Nimeskia."

"Rudia."

"Ukianguka tena wanakutoa."

"Sasa usicheze na mimi, Dalmas."

Nilimkumbusha kwamba hii ni gemu, na kucheza ndiyo kazi yenyewe. Hakucheka. Nilikuja kugundua kwamba Trizah hucheka mara moja kwa muhula.

Kazi zilikuwa zinakuja kwa simu. Ya kwanza ilisema: Nendeni Makina. Mtafuteni Bi. Mastura anayesuka vifuniko vya sinia. Mjue Makina ilikuwaje kabla hajaolewa. Msimuulize swali hata moja.

Niliisoma mara mbili, nikatabasamu kama fundi anayeona kazi ya fundi mwenzake. Kwenda kujua jambo bila kuuliza! Hizo ni mita mbili za mvuke. Nilimwambia Trizah asihangaike, nitaimaliza peke yangu, kisha nikaketi kitandani na kutunga ukurasa mzima kuhusu Makina ya zamani, wenye swala wawili na mto, nikautuma. Kumbe Bi. Mastura alikuwepo kweli, na alikuwa ametuandalia chai. Alimpigia Dokta simu kuuliza wageni wake wamepotelea wapi. Roho ya kwanza ikatoka.

Trizah hakunipigia kelele. Alinishika mkono wa shati akanipeleka Makina kama mtu anayerudisha mbuzi. Tuliketi kwa Bi. Mastura, yeye anasuka, Trizah anamshikia ukindu, mimi ninashikilia mdomo. Nusu saa ilipita. Kisha Bi. Mastura, ambaye kimya kilikuwa kimemchosha kuliko sisi, akaanza mwenyewe. Hakunyamaza hadi adhana ya alasiri. Alitaja nyumba, miti, majina ya punda. Tulipanda ngazi ya pili na mimi nikabaki sielewi kilichotokea.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika. Kama Bi. Mastura alikuwa wa kweli, nani mwingine alikuwa wa kweli? Wiki iliyofuata tuliambiwa tumtafute Makina mtu mmoja anayejua njia zote za maji taka. Nilimwona mzee mmoja ameketi nje ya msikiti akilinda viatu, na alinitazama kwa namna ambayo niliiona ina maana. Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Najua wewe ni nani."

"Mimi ni nani?" aliuliza.

"Unajua."

"Wewe! Umetumwa na nani? Ni shemeji yangu?"

Hakuwa na uhusiano wowote na chuo kikuu. Alikuwa na ugomvi wa kifamilia wa miaka mingi, nami nilikuwa nimeufungua upya. Watu walitoka msikitini kutuamua. Roho ya pili.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Kondakta akinirudishia chenji, nilikuwa naikagua kutafuta ujumbe. Mama yangu akinituma chumvi, nilikuwa namuuliza ni ya ngazi ya ngapi. Alinitazama sana, akasema nipunguze simu. Lakini kwa namna ambayo hadi leo siwezi kuieleza, kila Trizah aliponiburuta mahali, tulipanda. Ya tatu, ya nne, ya tano. Wiki ya kumi na moja tulikuwa ngazi ya sita, na roho moja.

Jumatatu ya wiki ya mwisho kazi ya ngazi ya saba ikaja, moja kwa darasa zima: Leteni swali ambalo watu arobaini wanajiuliza, na jibu ambalo hakuna hata mmoja wao analo. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Darasa lote liliduwaa. Kama hakuna aliye na jibu, utalitoa wapi? Trizah alijaza daftari kwa maswali akayafuta. Kufikia Jumatano alikuwa ameacha kula chakula cha mchana. Jumatano hiyohiyo nilikutana na Munyao mlangoni. Munyao ndiye aliyekuwa anaongoza, na hakutaka mtu asahau.

"Dalmas, niaje. Mko na roho moja bado?"

"Moja inatosha."

"Pole, msee. Sisi tuko na zote tatu. Zinatusumbua tu mfukoni."

Ningeweza kunyamaza. Mwenzangu alikuwa anakonda mbele ya macho yangu, na sheria niliijua. Lakini mkono wangu ulikumbuka kazi yake ya zamani. Jioni nilitengeneza ujumbe unaofanana kabisa na zile jumbe za kozi, nikaupiga picha, nikamtumia Munyao kwa namba nyingine: Njia ya siri ya ngazi ya saba. Alhamisi saa nane, kwa kinyozi Osewe, Congo, Kawangware. Njoo na mtungi mtupu wa lita ishirini. Panga foleni. Usiseme na mtu. Ukifikiwa, utajaziwa. Usimwambie yeyote.

Nilimchagua Osewe kwa sababu nilikuwa nimeona kibao cha duka lake nikimsindikiza Trizah kwao. Osewe mwenyewe sikumjua. Kuhusu yale maneno "usimwambie yeyote," naomba msomaji atambue kwamba nilimaanisha.

Alhamisi saa nane kasoro nilikuwa nimejibanza ndani ya kibanda cha chapati mkabala na kinyozi, simu nimeizima sauti, nikimsubiri Munyao na mtungi wake. Alikuja. Nyuma yake alikuja mwenzake. Nyuma ya mwenzake walikuja wasichana wawili wa kundi letu, kisha wengine wanne, kisha darasa. Munyao alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, na kila mmoja alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Wanafunzi wa chuo kikuu walisimama mstari mmoja kwenye vumbi, kila mtu na mtungi mtupu, midomo imefungwa, nyuso zina uzito wa mazishi.

Osewe alitoka na mashine ya kunyolea mkononi.

"Sasa?" aliwasalimia.

Mitungi ilisogea mbele kidogo.

"Mnanyolewa?"

Munyao alimnyooshea mtungi.

"Huu ndio unataka ninyoe?" aliuliza Osewe. Aliuangalia ule mstari hadi mwisho, akarudi ndani, nikasikia akimwambia mteja wake, "Keti tu. Sijui ni nini, lakini wamejipanga."

Mimi nilikuwa naumwa mbavu kwa kucheka. Ndipo mama mmoja akapita na mtoto mgongoni, akaona mitungi, akasimama. Congo ilikuwa wiki ya pili bila maji kwenye mifereji. Mama yule hakuuliza chochote. Aligeuka akakimbia, na alirudi na mitungi mitatu na dada yake. Nyuma yake wakaja majirani wa ploti nzima. Fundi wa viatu aliacha kiatu cha mtu kikiwa na sindano. Watoto walitumwa kushika nafasi. Ndani ya dakika ishirini foleni ilikuwa imepita duka la dawa, imepita kanisa la mabati, imepinda kona, na wanaokuja walikuwa wanauliza wa mwisho, "Maji yamefika?" na wa mwisho alikuwa anajibu, "Si unaona foleni?"

Nikaacha kucheka. Nilitazama simu ili nijifanye nina shughuli. Kulikuwa na simu kumi na nne ambazo sikupokea, zote za Trizah, na ujumbe mmoja: Kuna njia ya siri! Nimekushikia nafasi. Njoo na mtungi HARAKA.

Alikuwa wa tisa kutoka mbele. Sikuwa nimemwona kwa sababu alikuwa ameinama, anauombea mtungi.

Nilitoka kibandani. Miguu ilitaka kwenda upande mwingine, lakini niliilazimisha. Aliponiona uso wake ulifunguka, akaninyooshea kidole cha kunyamaza.

"Trizah," nilisema, "toka kwa laini."

Alitikisa kichwa.

"Hakuna njia ya siri. Ni mimi."

Alishusha kidole. Kisha akaongea, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuongea katika darasa letu kwa karibu saa nzima, wote waligeuka.

"Ni wewe nini?"

"Niliandika mimi. Ilikuwa ya Munyao peke yake."

"Nini?" alisema Munyao.

"Tuko na roho moja, Dalmas." Sauti ya Trizah ilikuwa ndogo. "Moja. Kesho ndio mwisho. Na wewe uko hapa unatuma watu na mitungi. Aki wewe ni mtu wa aina gani?"

Kabla sijajibu honi ililia. Lori la maji lilikuwa linakuja polepole kutoka barabara kuu. Naapa sikuliita. Lilisimama mbele ya Osewe, dereva akatoa kichwa dirishani.

"Hapa ndio kwa foleni?" aliuliza. "Wamama wa kanisa waliniambia, shuka tu hadi uone laini ya mitungi kando ya kinyozi."

"Ni hapa!" watu mia mbili walijibu kwa pamoja.

Akafungua mpira. Maji yakatoka, ya kweli, meupe, mengi. Nilimtazama Munyao, Munyao akanitazama mimi. Mtungi wake ulijazwa wa kwanza, kama alivyoahidiwa. Nilianza kufikiri kwamba pengine ujumbe wangu haukuwa wa uongo, pengine Dokta alikuwa ameujua kabla sijauandika, pengine hata mimi nilikuwa kazi ya mtu mwingine. Simu ikatetemeka mkononi. Ilikuwa mama.

"Wuoda, mwanangu, uko wapi?"

"Niko Kawangware, mama. Masomo."

"Tuko hapa kwa kinyozi, hapa Kianda, tangu saa sita. Kanisa ilisema inatutumia lori ya maji, na haijafika. Miguu imeniisha. Ukiiona huko njiani, iambie tuko hapa."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa gurudumu lake. Nilimweleza dereva. Akaniuliza hapa ni wapi kama si Kianda. Nikamwambia. Akatazama foleni, akatazama tangi lake lililobaki robo, akasema kwa huzuni kwamba mia mbili hawawezi kuambiwa warudi nyumbani. Alisema kweli.

Nilipogeuka, Trizah alikuwa ameweka mtungi chini na kutoa daftari. Alikuwa amemfikia yule mama mwenye mtoto.

"Mama, samahani. Kwa nini ulipanga laini hapa?"

"Niliona watu wamepanga."

"Nani alianza?"

"Hata mimi najiuliza."

Akaenda kwa fundi wa viatu. Swali lilelile, jibu lilelile. Akaenda kwa wa tatu, wa nne, wa kumi. Nilimfuata nyuma kama mkia, sijaelewa, hadi alipofika wa arobaini, akafunga daftari na kunigeukia.

"Watu arobaini," alisema. "Wote wanajiuliza laini ilianzishwa na nani. Hakuna anayejua." Alinipa kalamu. "Jibu uko nalo wewe. Andika."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya ngazi ya saba, na ndipo nilipotamani nisingeielewa.

"Nikiandika jina langu, nitakuwa nimekiri kwamba nilitunga kazi ya uongo," nilisema. "Roho inatoka. Tunakufa wote wawili."

"Najua."

"Tusipoandika?"

"Hatuna jibu. Tunaanguka wote wawili."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka uandike ukweli, kwa sababu nimechoka," alisema Trizah. "Na usitie swala."

Niliandika usiku huo wote hadi betri ikaisha, na asubuhi nikamalizia. Niliandika jina langu kamili, Dalmas Obonyo. Niliandika kuhusu mono na lita ishirini za hewa, kuhusu Munyao, kuhusu lori, kuhusu wamama wa Kianda waliosimama tangu saa sita, na kwamba mmoja wao ni mama yangu. Sikutia swala. Mwishoni niliomba kwamba kama lazima mtu afe, afe mmoja. Tulituma Ijumaa saa kumi na dakika hamsini, tumeketi kwenye ngazi zilezile za jengo. Trizah alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

Saa kumi na moja kamili majibu yalikuja. Mstari wa kwanza ulisema: Roho: sifuri. Mmekufa. Mstari wa pili ulisema: Ngazi ya saba. Mmefika.

Tulisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

"Ni gani?" Trizah aliuliza.

"Sijui."

"Soma tena."

"Tumekufa tukafika. Ama tumefika tukafa."

Tulipanda hadi ofisini. Dokta Nalianya alikuwa anaigonga kompyuta yake kwa kiganja.

"Imeganda," alisema bila kutugeukia. "Nilibonyeza mmedanganya, kwa sababu mmedanganya. Nikabonyeza mmejibu, kwa sababu mmejibu. Haijawahi kuona mtu akifanya yote mawili kwa kazi moja. Hata mimi sijawahi."

"Dokta," alisema Trizah, "mimi niko chuo ama nimetoka?"

Dokta aliacha kompyuta. Alivuta kitabu kikubwa cha karatasi, akakigeuza tuone. Majina yetu yalikuwa yamefuatana, na mbele ya kila jina, kwa wino, aliandika: Amepita.

"Gemu ni yangu na inaweza kunichanganya," alisema. "Rejista ni ya chuo, haichanganyikiwi. Miaka mitano wanafunzi wananiletea maswali mazuri. Hakuna aliyewahi kuniletea jibu ambalo ni yeye mwenyewe, akijua atakufa nalo. Trizah, nenda nyumbani ukapumzike. Uko chuo."

Ndipo Trizah alipocheka. Ilikuwa mara yake ya muhula, na aliitumia yote: alicheka hadi akaketi sakafuni, akalia kidogo, akaendelea kucheka.

"Wewe, Dalmas, baki," alisema Dokta. "Una kazi."

"Ya ngazi ya ngapi?"

"Haina ngazi. Kuna wamama Kianda hawakupata maji. Osewe alichukua namba yangu kwa wenzako, amenipigia, anasema maji ya mifereji ya Congo yamerudi leo asubuhi. Mitungi anayo."

"Niwapelekee wangapi?"

"Ulihesabu waliokosa?"

"Hapana."

"Basi endelea hadi waseme imetosha."

Jumamosi asubuhi nilikuwa barabarani kati ya Congo na Kianda, mtungi begani, wa pili mkononi, kwa sababu boda boda wa kwanza alikataa na wa pili alicheka. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mlango niliobisha waliniuliza nimetumwa na nani, na mimi, ambaye nimewatuma watu maisha yangu yote, nilijibu, "Nimetumwa tu." Mlango wa mwisho ulikuwa wetu. Mama alikuwa anachambua omena, wale dagaa wa ziwa.

"Maji!" alisema. "Umetoa wapi?"

"Congo."

"Na ile gemu ya shule?"

"Nilikufa, mama. Lakini nimepita."

Alinigusa paji la uso kuona kama nina homa, kisha akasogeza pipa nimimine.

"Nasikia huko Congo kuna mjinga alianzisha laini ya bure," alisema, "ndiyo lori yetu ikapotea. Wewe unapita huko kila siku. Hukusikia ni nani?"

Nilimimina polepole sana. Maji yote yakaisha, na mama alikuwa bado ananisubiri, omena mkononi. Nilipapasa simu mfukoni, nikaitoa, nikaangalia kama kuna ngazi ya nane. Haikuwepo. Nikaweka mtungi chini.

"Namjua," nilisema.